Nywele za Zambarau Ndani ya Feni

Feni ya kompyuta ya Pi-hsia ilianza kwa kukoroma. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua haikatiki, na wateja wakacheka wakasema kompyuta nayo imefika umri wa kulala mchana. Mwezi wa sita mkoromo ukageuka mngurumo wa pikipiki inayokataa kuwaka. Ilipofika mwezi wa saba, wanawake waliokuja kuoshwa nywele walikuwa wakipiga umbeya kwa kupaza sauti kama wachuuzi wa samaki, na siri za uchochoro mzima zikawa zinasikika hadi kwenye ngazi za hekalu.

"Dada, lizime dude hilo!" Bi Tsui alipiga kelele Alhamisi ile asubuhi, ameketi wima kitini, povu limemsimama kichwani kama kofia ya mpishi. Bi Tsui, mjane wa muuza tofu, alioshwa nywele mara tatu kwa wiki, na si kwa sababu ya uchafu. "Habari ya mkwe wa mwenye duka la dawa nimemsimulia Bi Kao mara mbili, na bado hajaisikia!"

"Nimeisikia," Bi Kao akajibu kutoka kiti cha pili. "Nataka tu uirudie."

"Nikizima isiwake tena, wewe ndiye utakayenipa rangi za watu?" Pi-hsia alimuuliza Bi Tsui kupitia kioo, vidole vyake vikiendelea kukanda povu.

Bi Tsui akajiegemeza kitini. Ndani ya kasha lile la kijivu, chini ya kaunta, vilikuwamo vichwa mia mbili na kumi na viwili. Kila kichwa na ukurasa wake: namba ya dawa, gramu ngapi, dakika ngapi, nani huwashwa na ngozi, nani alitaka mvi zibaki kidogo pembeni ili majirani wasiseme anajifanya msichana. Madaftari ya zamani yalikwenda na maji ya kimbunga. Nakala nyingine haikuwapo. Kun-mou, mumewe, alisema atatengeneza nakala, kama alivyosema atapaka ukuta chokaa.

Na zile rangi ndizo zilizokuwa saluni yenyewe. Kioo cha Pi-hsia kilikuwa na ufa, viti vyake vitatu vilikuwa vya tangu harusi yake. Hatua kumi na nne kutoka mlangoni pake, ng'ambo ya uchochoro, ilikuwapo saluni ya Man-li, yenye taa nyeupe na viti vinavyokanda mgongo vyenyewe. Wawili hao walijifunza kazi kwa bibi mmoja msusi, wakalala chumba kimoja miaka mitatu. Kisha Man-li akaenda kufungua duka palepale ng'ambo, macho kwa macho, na tangu siku ile, mwaka wa kumi na tisa sasa, Pi-hsia hakulitamka jina lake. Alimwita "yule wa ng'ambo." Siku kompyuta ikifa, Pi-hsia alijua, vichwa mia mbili na kumi na viwili vitavuka.

"Dada, mimi nina mgeni Jumamosi," Bi Kao akasema, taulo shingoni. "Mjukuu wangu analetewa keki za posa. Nipake leo, ile kahawia yangu ya siku zote."

"Ngoja nifungue ukurasa wako."

Hapo ndipo feni ilipopiga yowe. Safari hii hakukuwa na mkoromo wala mngurumo; lilikuwa yowe la paka aliyekanyagwa mkia, refu, likipanda, kisha likakatika ghafla. Harufu ya nywele zilizoungua ikatoka chini ya kaunta. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

"Mazu wangu!" Bi Kao akashika kifua, akimwita mungu wa kike wa hekalu lao.

Pi-hsia alipiga magoti na povu lake mikononi. Jambo la kwanza alilotazama si waya wala swichi. Alitazama juu ya kasha, mahali inapokaa pakiti. Ilikuwapo: pakiti ya vile vitafunwa vya mahindi vya nazi ambavyo jina lake maana yake ni utiifu, ya kijani, imefungwa kama ilivyotoka dukani. Akaigeuza, akaisogeza karibu na pua, akasoma tarehe. Mwezi wa nne mwakani.

"Pakiti ipo," alisema. "Haijafunguliwa. Haijapitwa na wakati. Sasa imeniasi kwa nini?"

Hakuna aliyemcheka. Benki wanaiweka juu ya mashine zao zisiasi, hospitali wanaiweka, na kila mtu anajua masharti: iwe ya kijani, mashine ipate taa ya kijani, nyekundu na ya manjano ni za kula tu, ukiiwekea mashine umeiambia isimame. Na ya mashine hailiwi. Pi-hsia aliyafuata masharti hayo kuliko alivyofuata ya daktari wake.

"Mwite Lai," Bi Kao akasema.

* * *

Lai alifika kwa pikipiki, mwanamke mfupi wa miaka hamsini, nywele kama za mwanajeshi, alizokatwa na Pi-hsia mwenyewe. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta ghorofa ya pili ya soko la vifaa vya umeme, na kwapani alibeba boksi jipya la umeme la kompyuta kwa sababu kwenye simu Bi Kao alikuwa ameiga lile yowe vizuri sana.

"Feni ya boksi la umeme," Lai alisema kabla hajavua kofia ya pikipiki. "Miezi mingapi inalia?"

"Kidogo tu," Pi-hsia akasema.

"Mitatu!" Bi Tsui na Bi Kao wakasema pamoja.

"Miezi mitatu, dada, na huniiti?"

"Pakiti ilikuwapo."

Lai akaitazama pakiti, akaitikia kwa kichwa. Hata yeye hakuweza kulipinga hilo. Alichomoa waya ukutani, akabonyeza swichi akaishikilia muda, akafungua ubavu wa kasha, akatoa skrubu nne na kulivuta boksi la umeme nje, zito kama tofali.

"Lifungue tuone kilichomo!" Bi Tsui alikuwa ameshasogeza kiti, povu linamteleza hadi masikioni.

"Hili silifungui, mama yangu. Umeme unalala humu hata waya ukiwa nje. Niliyejifunza naye kazi alilifungua siku moja kwa ubishi, tukamwokota chini ya rafu. Tutachungulia dirishani tu."

Akapitisha kibano kirefu kwenye matundu ya feni, akabana, akavuta polepole. Kikatoka kitu cheusi, kizito, kama panya aliyelowa. Wanawake wakarudi nyuma kwa pamoja. Lai akakilaza juu ya gazeti na kukichambua. Nywele. Nywele za miaka, zimeshikana kwa vumbi na dawa ya kupuliza: nyeusi, nyeupe, za mvi, vipande vya nusu kidole vya wanaume waliokuja kunyolewa. Mtaa mzima ulikuwa umelala mle.

"Unywele wangu ule pale!" Bi Kao akasema kwa aibu.

"Bado kuna uliomkaba feni shingo," Lai alisema, akirudisha kibano. "Huu ndio uliomnyonga. Umezunguka mhimili... njoo, njoo..." Akavuta. Likatoka shungi jembamba la nywele ndefu, likaendelea kutoka, likafika urefu wa mkono na bado linakuja. Lai akalisimamisha hewani kwenye mwanga wa mlango.

Bi Tsui alifungua kinywa. Bi Kao alifumba chake kwa taulo.

"Zambarau," Bi Tsui akanong'ona. Kisha, kwa sauti yake ya kawaida: "Zambarau ya biringanya! Mpaka kiunoni! Jamani, hizi ni nywele za Man-li!"

Jina lile lilitua katikati ya saluni kama sahani iliyoanguka. Nywele zile zilijulikana mpaka kituo cha treni. Hakuna mwingine aliyekuwa nazo, hakuna mwingine aliyethubutu.

Pi-hsia aliinama akatazama. Akatazama tena. "Mnanichezea," alisema. "Zambarau iko wapi? Hizi kahawia. Ni za Bi Kao kabla hajakata."

Lai alimtazama Bi Kao, Bi Kao akamtazama Bi Tsui, na Bi Tsui, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, akatazama sakafu.

"Nywele zangu hazijawahi kuvuka bega, dada," Bi Kao akasema taratibu.

Hilo lilikuwa kweli, na Pi-hsia alilijua. Rangi aliiacha kando. Ule urefu hakuweza kuubishia. "Baba Ching!" alimwita mumewe. "Njoo hapa!"

Kun-mou alitoka jikoni na upawa mkononi, uji wa mchele unadondoka. Akaona gazeti, akaona mkono wa Lai ulioinuliwa na kilichoning'inia pale. Upawa ukabaki hewani.

"Yule wa ng'ambo ameingia humu ndani?"

Kun-mou akafuta uji uliomdondokea kidoleni.

"Ameingia lini?"

"Jumatatu," akasema.

Jumatatu saluni hufungwa. Pi-hsia hushinda kwa dada yake hadi jioni.

"Jumatatu ipi?"

Kun-mou aliuweka upawa juu ya kaunta, taratibu, kama mtu anayeweka silaha chini. "Zote," alisema.

Bi Kao alikaa, na kwa bahati kiti kilikuwa nyuma yake. Wote mle ndani waliwaza jambo moja, lile linalowaziwa kila mara mwanamume anaposema Jumatatu zote. Pi-hsia aliwaza jingine, na kwake lilikuwa baya zaidi.

"Umempa rangi zangu," alisema. "Vichwa vyangu vyote. Umemkalisha kwenye kiti changu akavinakili!"

"Mama Ching, sikiliza..."

"Miaka kumi na tisa amenikodolea macho, leo umemfungulia mlango!"

Bi Tsui alikuwa ameshafika mlangoni, povu na taulo na vyote. "Man-li!" alipaza sauti. "Man-li wee! Njoo ujibu mwenyewe, shoga, huku mwenzio anakatwa vipande!"

* * *

Man-li alivuka zile hatua kumi na nne akiwa na ndala na aproni, nywele zake za biringanya zimeshikwa kwa kibanio. Alisimama kizingitini. Aliona shungi lake kwenye kibano cha Lai, akafumba macho kidogo.

"Dada Mkubwa," alisema. Ndivyo alivyomwita kwa bibi yao, aliyefuata akimwita aliyetangulia kujifunza, na Pi-hsia hakulitegemea neno hilo. Lilimkuta hana ngao.

"Usiniite hivyo. Sema ulichoiba."

"Sijaiba. Nimekuwa nikirekebisha."

"Kurekebisha nini?"

Man-li alimtazama Kun-mou, naye akaitikia kwa kichwa. "Mwaka juzi," Man-li alisema, "Bi Kao alikuja kwangu na kichwa cha kijani."

Pi-hsia aligeuka. Bi Kao alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Kijani kidogo," Bi Kao akasema. "Kama majani ya chai. Nilikuwa napita tu, dada, sikwenda kwa nia mbaya."

"Mimi nilikuwa wa bluu," Bi Tsui akasema ghafla, kama aliyeshindwa kulibeba. "Nilifunga kitambaa siku tisa. Niliwaambia watu nina nadhiri."

Pi-hsia alitazama uso mmoja, akahamia wa pili, akitafuta anayecheka. "Na mlikuwa mkikaa hapa, kwenye kioo hiki, mkiniambia imependeza?"

"Tungekuvunjia heshima kwenye kioo chako mwenyewe?" Bi Kao akauliza.

"Walikuja kwangu mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma," Man-li alisema. "Kila kichwa bluu imezidi, kila kichwa rangi ya majivu imezidi. Nikajua mkono ni wako na kosa si la mkono. Nikamwambia shemeji. Tukafungua kurasa, tukakuta unaongeza bluu kila wiki. Unaona manjano isiyokuwapo, unaizima. Basi Jumatatu narudisha namba zako za zamani. Jumanne hadi Jumapili unazipandisha tena. Jumatatu nazirudisha."

"Macho yangu ni mazima! Jana nimetia uzi kwenye sindano!"

"Hatusemi huoni, Dada. Tunasema rangi zimekukimbia."

"Uongo. Mmekaa mkaupanga." Akapandisha sauti. "Lai! Boksi limekaa?"

"Limekaa," Lai akasema. Alikuwa amefunga skrubu zote nne huku masikio yakiwa kwingine. "Bado kuwasha. Kifaa kipya, pakiti mpya."

"Pakiti ninayo." Pi-hsia akavuta droo yake, ile ambayo hakuna mwingine aliyeigusa. "Nimeinunua jana mwenyewe. Nimeichagua rafuni mwenyewe, kwa macho haya haya mnayoyazika." Akaiondoa ile ya zamani juu ya kasha, akaweka mpya mahali pake, akainyoosha, akaigonga kwa kiganja mara mbili kama anavyofanya siku zote. "Uwe mtiifu," aliiambia kompyuta. "Washa, Lai."

Kidole cha Lai kilikuwa juu ya swichi. Hakikushuka.

"Washa!"

"Siwezi, dada."

"Kwa nini huwezi?"

Lai akaondoa kidole kwenye swichi. Katika miaka yake yote sokoni alikuwa ameona kompyuta zilizomwagiwa supu na zilizokojolewa na mbwa, ila hilo lililokuwa mbele yake hakuwahi kuliona, wala hakujua mtu wa kwao angeweza kulifanya. "Pakiti gani hiyo uliyoweka?"

"Ya kijani. Ya nazi. Unauliza nini?"

Bi Kao alianza kulia kimyakimya. Bi Tsui akamshika mkono.

"Hiyo ni ya manjano, dada," Lai akasema.

Pi-hsia aliichukua pakiti akaenda nayo mlangoni, kwenye jua. Aliichukua na ile ya zamani, akazishika pamoja, moja kila mkono. Kwake zilikuwa mapacha. Akazigeuza, akazigeuza tena. Kisha akaisogeza ile mpya karibu na pua, akasoma maandishi madogo yaliyotaja ladha, herufi baada ya herufi, midomo yake ikitembea. Haikuandikwa nazi. Iliandikwa viungo vitano, ladha ya zile za manjano.

Akayasoma maneno hayo mara ya pili.

Ameiwekea mashine pakiti ya manjano. Yeye, aliyewahi kumfukuza mteja kwa kugusa ya kijani. Wangeweza kumwambia kichwa cha Bi Kao kilikuwa cha kijani, angebisha mpaka kesho; lakini hili hakuna binadamu mwenye akili angelifanya kwa kusudi, na mkono uliolifanya ulikuwa wake.

"Hiyo ni ya tano," Kun-mou alisema kwa upole. "Kila ukiweka ya manjano, Man-li huleta ya kijani Jumatatu, tunabadilisha."

"Zile nne ziko wapi?"

"Nimezila."

"Ndiyo maana tumbo!" Bi Tsui alipasuka, kisha akajiziba mdomo kwa hofu. Halafu sauti ngeni ikatoka kwa Pi-hsia, nusu kicheko nusu kitu kingine, na akaketi kwenye kiti cha tatu, kile kisichokaliwa sana, pakiti zote mbili mapajani.

Man-li alikuja akaichukua ya kijani, akairudisha juu ya kasha. Lai akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Hivyo ndivyo walivyodhani wote, Bi Kao alishaanza "Mazu w..." kabla taa haijawaka na kioo cha kompyuta kung'aa. Feni mpya ilikuwa ikizunguka bila sauti yoyote. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano walisikia maji yakidondoka kwenye sinki, na ndege wa mwenye duka la dawa.

Pi-hsia aliburuta kiti hadi kaunta akafungua ukurasa wa Bi Kao. Chini kabisa ya ukurasa, mahali asipofika kamwe, namba alizozipandisha ziliorodheshwa, hakuna iliyofutwa. Chini ya kila moja iliandikwa nyingine, ndogo, kama mtu anayeongea kwa sauti ya chini. Akafungua ukurasa wa Bi Tsui. Vilevile. Akafungua kumi, ishirini. Vichwa vyake vyote vilikuwamo, na havikuwa vimevuka kwenda popote. Mwenzake ndiye aliyekuwa akivuka.

"Gramu kumi na mbili za bluu," alisoma. "Kwa Bi Kao?"

"Uliandika wewe," Man-li akasema. "Mimi nikaweka mbili."

"Kumi na mbili..."

"Angepokea wageni wa keki za posa akifanana na tausi, Dada Mkubwa."

Bi Kao akashika kichwa chake kwa mikono miwili. Pi-hsia akainuka. Akachukua bakuli na brashi kwenye rafu, akasogeza meza ya dawa hadi dirishani penye mwanga.

"Man-li," alisema. Jina lilitoka na kutu ya miaka kumi na tisa. "Simama hapa. Nitachanganya mimi, utatazama wewe. Ikikosea useme. Tena useme kwa sauti, nisije nikaambiwa na feni."

Man-li akavuka sakafu akasimama ubavuni mwake, kulia, pale alipokuwa akisimama kwa bibi yao.

Nyuma yao Bi Tsui alimwinamia Bi Kao sikioni, povu limemkaukia kichwani. "Utaona," alinong'ona, "wiki haiishi atakuwa amepelekwa hospitali ya macho, na atakayempeleka si Kun-mou, ni huyo huyo..."

Wote walikuwa wamegeuka wanamtazama, Kun-mou, Lai, hata Man-li. Kila neno lilikuwa limesikika, wazi kama tangazo la redio.

"Endelea, Bi Tsui," Pi-hsia alisema bila kugeuka, brashi inazunguka bakulini. "Mwambie na siku ya kwenda. Ni Jumatatu. Siku hiyo tumefunga."